Wakuu joto 500, kazi 200, jibu ni 300 au 700? Nalihitaji kabla ya saa mbili asubuhi

MangiWaNjoro
Habari za usiku wakuu, niko Moshi hapa usingizi umegoma kabisa. Kuna swali la fizikia, gesi iko kwenye silinda imepewa joto jouli 500 na kazi ni jouli 200, tafuta nishati ya ndani imebadilika kiasi gani. Mimi napata 300, kuna mtu anang'ang'ania 700. Naombeni jibu moja tu, kesho saa mbili asubuhi nina kikao.

Kijenge Juu
Kikao cha nini na swali la form five? "Kazi ni 200" haijakamilika hiyo. Nani kaifanya? Gesi imesukuma pistoni au pistoni imeibana gesi?

MangiWaNjoro
Si kazi ni kazi mkuu. Fomula Q toa W, yaani joto toa kazi. 500 toa 200.

Mzee wa Sakina
Hii mada mimi niliielewa kwa sufuria. Gramu moja ya maji kwenye nyuzi 100, presha ya usawa wa bahari, ikigeuka mvuke inakula jouli kama 2,256. Humo 169 hivi zinaishia kuisukuma hewa ya nje maana mvuke unavimba mara 1,600 na ushee, ndani zinabaki kama 2,087. Hapo unatoa kwa sababu mvuke wenyewe ndo umefanya kazi. Ila huku kwetu Arusha mita 1,400 maji yanachemka kwenye 95 hivi, maharage unabandika mchana unakula usiku, mama watoto miaka mitatu analaumu mkaa, mpaka nilipoleta sufuria ya presha ndo tukapatana.

Kijenge Juu
Mzee shikamoo, maharage baadae. Mleta uzi, andika swali zima.

MangiWaNjoro
"Gesi iliyo kwenye silinda inabanwa na pistoni kwa kazi ya jouli 200 huku ikipewa joto la jouli 500." Haya, limebadilika nini?

Kijenge Juu
Kila kitu! Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma harakaharaka mara kumi halafu gusa kule mwisho. Moto hujawasha ila pameshika moto, ni nguvu ya mkono wako imeingia kwenye hewa. Sasa wewe umeipa gesi joto 500, umeisukumia na 200 juu yake, halafu ndani uzikute 300? Zingine zimeenda wapi? Fomula yako haina shida, ila W ya humo ni kazi inayotoka kwenye gesi. Ikibanwa, W ni hasi 200. 500 toa hasi 200, unapata 700. Wakemia wanaandika Q jumlisha W kwa sababu wao wanahesabu kazi inayoingia, jibu ni lile lile.

Mama Brayo
Hizo hasi na chanya ndo zilinifelisha mimi 2004, nikaolewa.

Kijenge Juu
Pole dada 😂 Ila mangi, kikao na nani?

MangiWaNjoro
Sawa. Mimi ndo mwalimu. Ni tuisheni, watoto 14, swali nililiandika ubaoni kwa chaki Jumamosi. Binti mmoja akaleta 700 nikampa sifuri, akabisha, nikamtoa nje. Baba yake ndo anakuja. Lakini wakuu nikirudi nyuma wale watoto wataniheshimu tena? Na hao 13 nimeshawapigia vema kwenye 300, nikazifute?

Mama Brayo
Kafute. Mtoto wa watu umemtoa nje kwa kupata!

Mtu wa Rau
Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa hapa Tanzania, naye alichekwa darasani aliposema maziwa ya moto yaliwahi kuganda kuliko ya baridi, 1963 huko shule ya Magamba akitengeneza aiskrimu. 1969 makala yake na mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, Osborne, ikatoka, yeye yuko chuo cha Mweka hapo juu anasomea wanyamapori. Huyo binti mtunzie daftari.

Chupa ya Chai
Nyie mnalishwa chai ya rangi. Huyu mangi mwezi wa nne alileta uzi anaomba ushauri aache chuo mwaka wa pili. Leo mwalimu?

MangiWaNjoro
Sikuacha, niliahirisha. Ada.

Chupa ya Chai
Wazazi wanajua?

Mzee wa Sakina
Mwacheni kijana, hata mimi nimefundisha kabla sijamaliza. Tuisheni yenyewe bei gani, nina mjukuu yuko Moshi.

Kijenge Juu
Mzee!!

MangiWaNjoro
Wakuu nashukuru, nimeshalimaliza. Nimemtumia mzazi meseji kwamba swali lilikuwa na makosa ya uchapaji.

Mama Brayo
Uchapaji? Si uliliandika kwa chaki?