Mifereji ya bamba la ncha mbili: inapewa hataza?

Nimesanifu bamba la titani la ncha mbili, yaani linalokaa kati ya seli mbili jirani za kuchanganua maji kwa umeme. Mifereji inapanuka kuelekea tokeo ili viputo vya oksijeni visizibe njia. Hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) inawezekana?

— Umbo tupu halitoshi. Mkaguzi wa hataza atasema mifereji ya kupindapinda kama nyoka na ya sambamba ni ya zamani, na kuipanua ni wazi kwa fundi yeyote. Pima volti ya seli kwa ampea 2 kwa sentimita ya mraba, bamba lako dhidi ya lenye upana mmoja. Halijoto na mtiririko viwe sawa. Tofauti hiyo ndiyo hoja yako.

— Kupanuka umeshakutangaza hapa! Ulaya wazo hilo halihesabiwi tena kuwa jipya, na hataza hudai upya. Marekani una miezi 12 ya kuwasilisha ombi. Vipimo vya mifereji usivitaje kabisa kabla ya kuwasilisha.

— Kwenye ombi, dai upana wa kuanzia kiwango fulani hadi kingine, siyo kipimo kimoja. Mshindani atakikwepa kwa nusu milimita.