Naomba ushauri: mifupa imepona, lakini mwili bado una hofu

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Miezi minane iliyopita nilipata ajali ya gari. Mbavu zilizovunjika zimeunga, lakini mabega yangu bado hukakamaa na pumzi hunikatika kila ninaposikia breki ikifungwa ghafla, hata nikiwa nimeketi ndani salama. Daktari amenihakikishia kwamba nimepona, nami namwamini, ila mwili wangu haujasadiki kwamba hatari imepita.

Nimeanza kujifunza njia ya Moshe Feldenkrais, mwanafizikia aliyeibuni baada ya goti lake kuumia, ambayo humtaka mtu asogeze kiungo taratibu sana, mara nyingi akiwa amelala sakafuni, huku akisikiliza kila badiliko. Mijongeo hii midogo imenifaa kuliko nilivyotarajia, hasa ninapotoa pumzi kwa kirefu, kwani mapigo ya moyo hupungua kasi. Hata hivyo, mara mbili nilipokuwa nikizungusha kifua, nilishikwa na kilio kizito ambacho sikujua kimetoka wapi, na usiku wake sikulala.

Je, mliopitia hali hii mliendelea na zoezi lilelile, au mliliacha kwa muda mkaanza na mikono na miguu? Je, mtaalamu wa saikolojia na yule wa mazoezi ya viungo wanapaswa kushauriana? Nielezeni pia maswali ya kuuliza kabla sijamruhusu mtu yeyote kunigusa kifua, jambo ambalo bado linaniogofya.