Ushauri: Niwatoe wapangaji nitengeneze vyumba vya wageni wa AFCON 2027 hapa Arusha?

Mrombo Juu (mleta mada)

Wakuu salaam, nisiwachoshe.

Nina vyumba vinne vya kupangisha maeneo ya Kwa Mrombo, mzee alituachia. Kila chumba 70,000 kwa mwezi, na wapangaji kwa kweli hawasumbui. Uwanja mpya wa Olmoti hauko mbali, ni safari fupi ya bodaboda. Tangu CAF, shirikisho la soka Afrika, watupe AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) pamoja na Kenya na Uganda, Septemba 2023, huku kwetu kila mwenye kiwanja anazungumzia wageni. Jirani yangu ameshaanza kumwaga zege.

Benki wako tayari kunikopesha 18,000,000 kwa miaka mitatu, rejesho kama 640,000 kwa mwezi. Nawaza niwape wapangaji notisi, nitie choo na bafu ndani, vigae, vitanda vya maana, halafu niuze 60,000 kwa usiku. Vyumba vinne kwa siku thelathini ni zaidi ya milioni saba. Shemeji anasema nikichelewa nitajuta. Mama hataki hata kusikia. Nishaurini, ila mje na hoja.

Kikokotoo

Mkuu, hesabu yako imejaa siku ambazo hazina mechi.

AFCON ya timu 24 ina mechi 52 zote kwa pamoja. Zigawe kwa viwanja vinane tu, unapata sita au saba kila kimoja, na usitegemee mgawo utakuwa sawa: za mtoano zitaelekea zaidi kwenye viwanja vikubwa vya Dar, Nairobi na Kampala. Olmoti ni wa watu 30,000, Uwanja wa Mkapa kule Dar 60,000. Halafu mechi mbili za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mji wenye uwanja mmoja hauwezi kubeba zote sita za kundi lake. Weka tano.

Kila mechi mpe mgeni usiku mbili, hizo ni kumi. Vyumba vinne mara 60,000 mara kumi ni 2,400,000, tena vikijaa vyote. Rejesho lako la mwaka mmoja ni 7,680,000, na kodi ya wapangaji unayoitupa ni 3,360,000 kwa mwaka. Sijagusa umeme, sabuni wala mlinzi.

Simba wa Themi

Ndiyo maana hatuendelei, kila kitu mnakipigia kikokotoo. Mara ya mwisho AFCON kuchezwa ukanda huu ilikuwa Ethiopia 1976! Ndugu, kopa. Mwenye roho nyepesi abaki na wapangaji wake.

Kikokotoo

@Simba wa Themi, Afrika Kusini 2010 lilikuwa Kombe la Dunia kabisa. Walitabiriwa wageni zaidi ya 400,000, wakafika takriban 310,000. Kampuni iliyokuwa imeshika vyumba kwa niaba ya FIFA ilirudisha vingi sokoni kabla hata mpira haujaanza. Sasa shabiki wa Bamako au Luanda, na nauli za ndege za Afrika tunazozijua, atafika Olmoti kwa wingi gani?

Jirani Kitengela

Habari majirani. Niseme ya upande wetu, maana naona mnahesabu Wakenya kama tayari wako Namanga na mabegi.

Agosti 2025 kwenye CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani tuliyoiandaa pamoja, uwanja wa Kasarani hapa Nairobi ulifurika kwa sababu timu yetu ya taifa, Harambee Stars, walikuwa uwanjani. Watu walivamia mageti hadi CAF wakapunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa. Mwaka 2027 Stars wetu watakuwa Nairobi na wenu naona watakuwa Dar. Arusha huenda mkaletewa kundi la wageni watupu. Mkipewa Misri ama Nigeria mimi nitakuja, lakini nitatoka asubuhi na basi na usiku huohuo narudi. Ni kama kilomita 270 tu. Chumba cha 60,000 cha nini?

Mama Geti Jeusi

Mwanangu Mrombo, shikamoo za humu nitazipokea baadaye. Mimi nina nyumba ya kulala wageni upande wa Sakina, ndogo tu, na ndiyo iliyosomesha wanangu. Nikueleze vile biashara hii inavyokwenda.

Timu, marefa na wakubwa wa CAF watalala hotelini, wasahau. Wanaotafuta chumba kama chako ni waandishi wa habari wenye posho ya kubana, mafundi wa televisheni, wauza jezi, madereva. Hao vigae hawaviulizi. Wanauliza kama kuna maji ya moto. Mashindano ni Juni na Julai, na wewe wa Arusha unajua baridi ya miezi hiyo na ule ukungu wa asubuhi. Mtu wa Dakar ukimwogesha maji ya bomba saa kumi na mbili, atakuandika vibaya mtandaoni hadi kiama. Watauliza umeme ukikatika kuna nini, intaneti inashika au inabahatisha, na mechi ikiisha usiku wa manane nani atawafungulia geti. Mwandishi anataka meza na kiti cha kukaa aandike, kitu ambacho nyumba nyingi za wageni hapa mjini hazina. Jirani yako anayemwaga zege muulize kama ana tenki la maji.

Kuna na makaratasi. TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri, ushuru wa nyumba za wageni, na kitabu cha wageni kijazwe kila anayelala, maana polisi wakipita hicho ndicho wanachoomba kwanza. Bei tangaza kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zimezuia kuuziana kwa dola humu ndani, na bado naona watu wanabandika vibao vya dola.

Ila sitakukatisha tamaa. Juni na Julai Arusha ni msimu, watalii wanapita kwenda Serengeti, AFCON iwepo isiwepo. Chumba kizuri kinapata mtu Julai hii, na Julai ya 2028 kitampata mwingine. Kwa hiyo kama unatengeneza, mtengenezee mgeni wa kila mwaka: dereva wa safari anayesubiri wateja wake, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mzungu wa kujitolea anayekaa miezi mitatu. Huyo wa AFCON aje akute tayari. Na usianze na vinne! Anza na kimoja, cha mpangaji atakayeondoka mwenyewe kwa hiari yake. Mama yako namwelewa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wako unalipa kila mwezi.

Kipanya cha Ofisini

Naongezea tarehe. CHAN ilikuwa ianze 1 Februari 2025. Katikati ya Januari CAF wakaisogeza hadi Agosti. Aliyekuwa amekopa kwa ajili ya Februari alilipa riba ya kusubiri. Cameroon ndio walikuwa waandae AFCON ya 2019, wakanyang'anywa Novemba 2018, ikapelekwa Misri. Sisemi itatokea kwetu. Nasema rejesho halisogezwi na CAF.

Halafu subiri droo ya kupanga makundi. Ya AFCON ya Morocco ilifanyika Januari 2025, karibu miezi kumi na moja kabla ya mashindano. Ya Ivory Coast ilifanyika miezi mitatu tu kabla. Ukishajua timu zipi zinakuja Arusha ndipo utajua unamwandalia nani.

Simba wa Themi

Mkishasubiri droo mafundi wote watakuwa wameshikwa na bei ya saruji iko juu. Mtanikumbuka.

Kikokotoo

Hilo la mafundi nakubali, ndiyo maana ushauri wa mama wa chumba kimoja sasa hivi una akili. Kimoja kinamfundisha gharama halisi kabla hajagusa mkopo.

Dereva wa Noah

Niwaulize, mnaobishana juu ya vyumba, mvua ikinyesha barabara ya kwa mleta mada inapitika? Kuna mitaa huko ndani nashusha abiria lami ilipoishia, wanamalizia kwa miguu. Mgeni na begi lake usiku hatamaliza kwa miguu.

Mrombo Juu (mleta mada)

Asanteni wakuu, mama Geti Jeusi shikamoo sana. Dereva, barabara inapitika hadi getini, mita kama mia mbili za mwisho ni vumbi.

Mkopo nimeuweka kando mpaka droo, sijaufuta. Mpangaji wa chumba cha mwisho anahamia Babati mwezi ujao, nitaanza na hicho kwa pesa ya kikoba, na meza nitaitengeneza mwenyewe kwani useremala naujua. Watatu waliobaki siwagusi. Shemeji amenuna.

Swali la mwisho: hita ya maji, nifunge ile ndogo ya kwenye bomba la bafu au ya tenki? Huku kwetu umeme unashuka sana jioni.

Mama Geti Jeusi

Marahaba. Ile ndogo ni rahisi kununua lakini inavuta kilowati tano na kuendelea kwa wakati mmoja. Umeme ukishuka inatoa maji vuguvugu, na taa za wapangaji zitakuwa zinafifia kila mgeni akioga. Chukua ya tenki, lita 50 inatosha chumba kimoja na ukiongeza cha pili bado itasaidia. Iwashwe mchana umeme ukiwa na nguvu, yenyewe inatunza moto. Fundi aivutie waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, na hakikisha ametia ethi (waya wa kwenda ardhini) kabla hujamlipa.