Punda aliyeishiwa nguvu Lamu: ajengewe makao ya kudumu, au pesa ziende kwenye matibabu?

Mwendeshaji wa mjadala
Swali tunaliweka hivi. Mji wa kale wa Lamu hujengwa na kulishwa kwa mgongo wa punda: mchanga, simenti, matumbawe, boriti, taka. Hospitali ya punda ipo tangu 1987, ilipofunguliwa na shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, na mwenye punda halipi. Ua wake hupokea wagonjwa na wachache wasiojiweza, lakini si shamba la kulea punda mpaka kufa kwao. Kuna wanaotaka shamba la namna hiyo, la punda wazee, vilema na walionyang'anywa watesi wao. Kuna wanaosema ni anasa. Kila mtu aje na hesabu yake. Visa vya "mimi na punda wangu" tunaviacha nje.

Mtunza Zizi
Naunga mkono makao, ila si haya yanayopigiwa picha. Mtu akisikia makao anaona konde la kijani na punda wanajilia wapendavyo. Konde hilo ndilo linaloua. Punda ni mnyama wa nyika kavu, na tumbo lake linataka vitu vigumu, vingi, visivyo na utamu: mabua, nyasi zilizokomaa, majani makavu. Mwachie majani mabichi ya masika, umwongezee pumba na mashudu, baada ya miezi michache shingo inafanya nundu ya mafuta, halafu kwato zinashika uvimbe kwa ndani. Utamwona anasimama amerudisha uzito nyuma, anatembea kana kwamba anakanyaga makaa. Wengi hawaponi sawasawa.

Hesabu ya chakula ni hii. Punda wetu wa pwani ana kilo 150 hivi, na wengi hawafiki. Anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 2.25. Nyasi za robota bado zina unyevu kidogo, kwa hiyo pima kilo 2.5 na ushee. Kwa mwaka ni kama kilo 930, sawa na marobota 62 ya kilo 15. Punda 30 ni tani 28. Hizo si nyasi za kungoja mvua. Ni nyasi za kununua, kusafirisha na kuweka ghalani juu ya vichanja ili unyevu wa chini usizifikie.

Na zisimwagwe chini. Ardhi ya Lamu ni mchanga. Punda akila juu ya mchanga anaumeza, unajikusanya tumboni, siku moja anagaagaa kwa maumivu. Jenga hori. Ukiwa na shaka, chukua kinyesi kikavu, kitie kwenye mfuko unaoonyesha pamoja na maji, tikisa, uning'inize. Mchanga utazama chini na utauona kwa macho.

Daktari wa Punda
Hesabu ya Mtunza ni sahihi, na ndiyo inayonifanya nikatae. Marobota 62 kwa punda mmoja, mwaka mmoja. Punda anayetunzwa vizuri anapita miaka 30. Ukimpokea akiwa na 12, kwa sababu mguu umevunjika ukaunga vibaya, umeahidi miaka 18. Zidisha kwa bei ya robota ya leo, ongeza mshahara wa mlishaji, kisha uniambie pesa hiyo ingechanja wangapi dhidi ya pepopunda. Chanjo ni sindano mbili zikiachana wiki nne hadi sita, halafu ya kukumbushia. Vidonda vya misumari na kamba havikosekani kwa punda wa mzigo, na vijidudu vya pepopunda vimo kwenye udongo na kwenye kinyesi chao wenyewe.

Tena karibu kila kinachompeleka punda makaoni huanzia kazini, na huko ndiko kunakozuilika. Mzigo wa mgongoni usipite theluthi moja ya uzito wa mnyama. Kwa punda wa kilo 150 hiyo ni kilo 50, mfuko mmoja wa simenti. Wapakiaji huweka miwili, mmoja kila upande, kwa sababu mmoja peke yake haukai sawa. Dawa yake ni rahisi: ugawe mfuko katika magunia mawili ya kilo 25. Chini ya shogi, yaani mifuko ya mzigo ya mgongoni, pawe na mito miwili iliyojazwa majani makavu, na katikati yake paachwe mfereji ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Kamba ya katani chini ya mkia ifungwe kitambaa cha pamba, kioshwe kila siku, maana chumvi ya jasho ikikauka inakwangua kama msasa.

Mwenye Punda, Langoni
Daktari, nakuheshimu, lakini simenti haigawiwi hivihivi. Mfuko ukifunguliwa gatini na upepo wa Kusi unavuma, nusu inaishia baharini na mwenye nyumba anakata malipo. Sisi tunalipwa kwa mfuko. Mwenye punda watatu akipakia nusu, anafanya safari mara mbili kwa pesa ileile, jua likiwa utosini. Ukitaka mzigo upungue, zungumza na anayejenga hoteli, bei ihesabiwe kwa kilo na umbali. Mchanga, sawa, huo tunaweza kupunguza, na ukiwa umelowa ndio hasa upunguzwe kwa sababu uzito wake hauonekani kwa macho.

Nalo suala la punda mzee mnalizunguka tu. Bodaboda zimeingia kisiwani, kazi imegawanyika. Asiyeweza kumlisha punda asiyefanya kazi humfungulia. Anazunguka jaani, anakula maboksi, maganda na plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini 2017 na imepungua kweli, ila vifungashio vingine vipo tele. Punda hatapiki. Plastiki ikishajifunga tumboni imebaki humo. Huyo ndiye anayehitaji makao, si yule wa kwenye mabango ya watalii.

Mama wa Mokowe
Mnazungumza kana kwamba ardhi ipo. Kisiwani haipo, na maji ndiyo hayapo kabisa: Lamu inakunywa maji ya visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga. Punda 30, kila mmoja lita 15 hadi 20 siku za joto, ni lita 450 hadi 600 kila siku kabla hujaosha hori. Nani atakubali wakati wa kaskazi, wanawake wamepanga madumu?

Kwa hiyo mtakuja bara, huku kwetu. Karibuni, lakini jueni mnachokuta. Ukielekea upande wa vichaka na msitu kuna mbung'o, na punda wa kisiwani hajazoea nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Anakonda ilhali anakula, ufizi unakuwa mweupe, tumbo la chini linavimba. Sindano ya diminazene, dawa ya nagana mnayoiona kwa wenye ng'ombe, punda haimchukulii vizuri kama ng'ombe, kwa hiyo kipimo hakikadiriwi kwa jicho. Usiku kuna fisi na simba. Zizi liwe la miti iliyosimamishwa wima, iliyokaribiana, na miiba kwa nje. Waya peke yake haumzuii fisi, na punda akishtuka anajirusha juu yake akajichana.

Jambo jingine ni jirani kukopesha. Mwenye ng'ombe atakupa dawa ya kupe kwa moyo safi. Soma chupa. Ikiwa ina kemikali ya amitrazi, usimwogeshe punda: inasimamisha utumbo na kinyesi kinakauka ndani. Chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichotiwa monensini, dawa ya mifugo, kinamuua punda kwa kuharibu moyo wake, hata kwa kiasi kidogo. Mahindi yaliyoota ukungu yanamharibu ubongo. Gunia la bure linaweza kumaliza zizi zima.

Mfuatiliaji wa Biashara ya Ngozi
Hamjagusa kinachofanya makao yazungumzwe sasa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 Kenya, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Katikati hapo palifunguliwa machinjio manne, Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos, ngozi ikienda China kutengenezewa ejiao, dawa ya asili ya Kichina inayotokana na ngozi ya punda iliyochemshwa. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021. Tanzania ilisimamisha uchinjaji wake mwishoni mwa 2021. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Sasa sheria moja ya makao, kama yatajengwa: yasinunue punda. Ukinunua mmoja kwa mchuuzi ili "kumwokoa", umempa mtaji wa kutafuta wawili, na wiki ijayo atakuletea mwenye kidonda kikubwa zaidi kwa sababu amejua huruma yako ina bei. Mapokezi yawe kwa njia mbili tu: amri ya mahakama baada ya mashtaka ya ukatili, au mwenyewe amsalimishe kwa maandishi mbele ya shahidi, alama za punda zikiandikwa. Bila karatasi hiyo mtashtakiwa wizi wa punda, na mtashindwa.

Mtunza Zizi
Naikubali kanuni ya kutonunua, neno kwa neno. Niongeze ya mlangoni, kwa sababu makao mengi huvunjikia hapo.

Punda mgeni haingii kundini. Akae peke yake wiki tatu hadi nne, ua wake, ndoo yake, uma wake wa kinyesi. Si peke yake kabisa, lakini. Kama alikuwa na mwenzake wa kazi, waje pamoja au awaone wengine kwa mbali, bila kugusana pua. Punda aliyetenganishwa na mwenzake huacha kula.

Wiki ya kwanza ni kutazama tu mdomo na kinyesi. Akidondosha vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, magego yana ncha au yamekwisha. Ncha husagwa. Yaliyokwisha hayarudi, na huyo atakatiwa nyasi vipande vya sentimita 2 au 3, ziloweshwe na pumba kidogo, mara nne kwa siku, maisha yake yote. Hesabuni mlishaji wa ziada kwa kila punda watano wa namna hiyo. Minyoo: pimeni mayai kwenye kinyesi kwanza. Ivermektini, dawa ya minyoo, kwa kila punda kila baada ya miezi mitatu inazalisha minyoo isiyokufa. Kwato zichongwe kila wiki 6 hadi 10. Iliyopinda kama kiatu cha sultani isikatwe siku moja. Punguza kidogo, ngoja wiki chache, punguza tena, la sivyo mishipa ya mguu inavutika.

Na madume wahasiwe wote. Makao yanayozaa ni shamba.

Daktari wa Punda
Kuhusu punda anayeacha kula, hapo Mtunza amepita haraka mno. Ndicho kifo kikubwa cha makao, na hakifahamiki. Punda mnene, hasa jike, akisusa chakula siku mbili tatu kwa huzuni, safari au homa, mwili unamwaga mafuta kwenye damu. Damu ikivutwa na kuachwa kwenye chupa, maji yake ya juu yanageuka meupe kama tui. Ini na figo hushindwa. Kwa nje yeye amesimama tu, kichwa chini, na mtu anasema "amepumzika". Punda aliyesusa mlo mmoja aitiwe daktari siku ileile. Msimamizi asiyejua hili asipewe ufunguo wa zizi. Na dume aliyehasiwa anaweza kupandisha mimba kwa wiki kadhaa bado; mtenge na majike wiki sita.

Nina swali ambalo wanaotaka makao hawalijibu: nani ataamua punda afe? Aliyevunjika mfupa mrefu, asiyeweza kuinuka bila kuinuliwa, aliyebaki mifupa ingawa analishwa. Kumweka hai ili wafadhili wasikasirike ni ukatili kama wa wale watesi mliomtoa kwao.

Mama wa Mokowe
Daktari, hilo ni zito kwa watu. Wengi watasema roho ni ya Mungu.

Daktari wa Punda
Najua, Mama, ndiyo maana liandikwe kabla ya punda wa kwanza kuingia, si siku mnyama analia. Maneno mawili tu: daktari anapima, na daktari mwenye leseni ndiye anayetekeleza. Sindano ya pentobabitali, dawa ya kumuua mnyama bila maumivu, ikitumika, mzoga uzikwe kina cha mita mbili siku hiyohiyo, mbali na visima. Mbwa au ndege akila nyama yake naye anakufa. Kwa mchanga wa Shela, ambako maji yako karibu, hilo haliwezekani kabisa. Sababu nyingine ya kutojenga kisiwani.

Mwenye Punda, Langoni
Basi semeni wangapi. Mtakapotangaza "makao", watu watakuja na mijahazi.

Daktari wa Punda
Kumi na wawili. Nyasi za miezi mitatu ghalani kabla ya kumpokea wa kwanza, pesa za mwaka mzima benki, na robo tatu ya bajeti ibaki kwenye matibabu ya punda wanaofanya kazi. Zaidi ya hapo sisaini.

Mtunza Zizi
Kumi na wawili watajaa mwezi wa kwanza. Kwa gharama hiyohiyo ya mlinzi na daktari unaweza kuweka 20, kinachoongezeka ni nyasi tu. Wa 13 ataenda wapi?

Daktari wa Punda
Abaki kwa mwenyewe, na hospitali imfuate huko kila mwezi: kwato, meno, minyoo, na pumba kidogo kwa mwenye kukubali asimfungulie. Kinachoongezeka si nyasi tu, Mtunza. Kwa 20 umeongeza uchongaji wa kwato zaidi ya mara 40 kwa mwaka, na mikono ni ileile miwili.

Mwenye Punda, Langoni
Hilo la pumba kwa asiyemfungulia, liandikeni kwanza. Kwa hilo nitawaletea majina ya watu kumi kesho.