Mjadala: Kuna dola lililowahi kutawala bila kisingizio?

Mwalimu Nachingwea: Wandugu, kuna kijana Lindi mjini kanibishia kwamba Mjerumani angalau alikuja kukomesha utumwa. Naleta hapa tupambane kwa hoja. Kila dola huja na maneno mazuri. Mreno kaipiga Kilwa 1505 huku kabeba msalaba. Mwingereza naye na udhamini wake, eti anatulea mpaka tukomae. Na huyo Mjerumani aliweka saini Brussels mwaka 1890 kupinga biashara ya watumwa, akatawala mpaka Vita vya Kwanza bila kuufuta utumwa wenyewe kisheria. Umefutwa 1922, yeye keshaondoka. Lakini kodi ya kibanda hakuichelewesha, 1898 tayari watu wanadaiwa. Je, waliyaamini maneno yao au yalikuwa kifuniko tu?

Korosho Ghafi: Shikamoo Mwalimu. Mbona sultani wa Kilwa umemruka? Ibn Battuta kafika pale 1331, kaandika kwamba sultani alikuwa akienda kuwavamia Wazanji mara kwa mara, na khumsi, yaani moja ya tano, ya ngawira anaitenga kwa ajili ya dini. Wazanji hao si watu wa bara, yaani sisi? Kisingizio hakikuja na meli ya Ulaya.

Mzee wa Kivinje: Kijana, chunga mdomo. Babu zangu unawaita wanyang'anyi? Kilwa ilikuwa na sarafu yake, na msikiti wa mawe, na dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, inapitia mkononi mwetu. Kwenu wakati huo kulikuwa na nini?

Korosho Ghafi: Nimesema wanyang'anyi wapi, mzee wangu? Ila umenijibia swali la Mwalimu. Kwamba mwenye sarafu na msikiti wa mawe ana haki juu ya asiye navyo: hoja hiyo hiyo ndiyo aliyokuja nayo Mjerumani. Na Kivinje karne ya 19 ilikuwa bandari ya nini? Watu waliotolewa kule Ziwa Nyasa walipakiwa wapi kwenda Unguja?

Mzee wa Kivinje: Hassan bin Omari Makunganya kanyongwa hapa Kivinje 1895 kwa kumkataa Mjerumani. Wewe wa kwenu nani alinyongwa?

Binti Mikindani: Mzee, kwa heshima zote, Wamatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani kule Nandete, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vikaanza. Watu wa bara hao. Wakachomewa vyakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Msishindanishe makaburi. Mimi nasema waliyaamini maneno yao, na ndiyo hatari yenyewe. Mtu anayejua anaiba huwa ana haya kidogo. Anayeamini anakusaidia hana. Vita havijapoa, 1909 Wajerumani wakaanza kuchimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kule Tendaguru, Lindi, eti sayansi ya dunia nzima.

Korosho Ghafi: Dada, hapo sikubali. Ile mifupa ingebaki ingeoza.

Mwana Mipingo: Ingeoza?! Imekaa ardhini miaka milioni 150 haikuoza, ije ioze kwa kukosa Mjerumani? Imefungwa kwa mianzi, wazee wetu wakaibeba vichwani siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi kasimama kwenye makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13, watu wanakata tiketi. Sisi je?

Korosho Ghafi: Akirudi utamweka wapi? Mvua ikinyesha hata gari la kumleta halipiti.

Mwana Mipingo: Ndivyo walivyosema wao pia, kwamba hatuwezi kutunza. Na wewe mtoto wa hapa hapa unayarudia!

Mwalimu Nachingwea: Jamani, swali lilikuwa dola. Binti Mikindani kaleta hoja nzito, hakuna aliyemjibu.

Binti Mikindani: Mwalimu, tunajibu hilo hilo. Wenye mjusi bado wanasema wanamtunza kwa niaba yetu sote.

Mzee wa Kivinje: Korosho Ghafi, hatujamalizana. Nasubiri uniombe radhi.