Shangazi yuko Kitulo

*Jumamosi, 12:40 jioni*

Shangazi: Habari za jioni wanangu. Tumefika Matamba salama, kesho tunaingia hifadhi ya Kitulo, huku Nyanda za Juu Kusini. Zile kona 57 za kupanda kutoka Chimala tumezimaliza, ila mdogo wenu alitapika mara mbili.

Neema: Shikamoo shangazi. Mpe pole. Baridi ikoje?

Shangazi: Marahaba mama. Nimevaa masweta mawili na kitenge juu.

*Jumapili, 3:15 asubuhi*

Shangazi: Tumeacha gari, tunatembea. Jamani! Uwanda wote njano, zambarau, nyeupe. Nimechutama kwenye okidi moja fupi kama kiganja, umande bado umetuama ndani ya ua. Mtandao ukikaa vizuri natuma picha.

Baba Mdogo: Mimi nilipita huko mwezi wa nane, nikaona majani makavu tu.

Shangazi: Shemeji, mwezi wa nane ni kiangazi. Maua yanafuata mvua, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Aprili. Ukiyataka, ukubali na matope.

Brayo: Shikamooni. Kuna simba?

Shangazi: Hakuna, ndiyo maana tunatembea kwa raha. Watu wanakuja kwa ajili ya maua na ndege. Ni mita 2,600 huku, nenda polepole, pumzi inakata.

Bibi (sauti, Neema kaandika): "Hiyo ndiyo Bustani ya Mungu. Enzi zetu tulikatiza hapo na mizigo kichwani. Mwambie huyo mtoto asing'oe kitu."

Brayo: Hata kamoja ka kupanda nyumbani, bibi?

Shangazi: Hata kamoja. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Okidi zilichimbwa sana, viazi vyake vinavushwa Zambia, vinatwangwa na karanga kupika chikanda, chakula chao cha huko. Ukishatoa kiazi, mmea umekwisha. Inaniuma, maana aina 45 za okidi ziko hapa.

Baba Mdogo: Basi Februari twendeni wote. Nitatafuta gari la fowili, dogo halitoki kwenye tope lile.

Neema: Na bibi?

Bibi (sauti): "Mimi nakaa mbele. Mkifika uwandani mnishushe, nitembee hatua zangu chache. Neema, ninunulie mabuti ya mvua, namba tano."

Neema: Kesho asubuhi napita sokoni, bibi.