Waajiri wanatupiga kalenda makusudi mpaka siku 30 za kupeleka mgogoro wa kazi CMA ziishe, hii ni dhuluma

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi. Mimi ni mlinzi, nilikuwa kampuni moja ya ulinzi hapa Dar (jina naliacha), mteja akavunja mkataba na kampuni, lindo likafungwa, sisi tuliokuwa pale tukaambiwa kwa mdomo tu turudishe yunifomu na virungu tusubiri kuitwa. Hakuna barua, hakuna notisi, hakuna kikao. Sheria ya ajira, ile Namba 6 ya 2004, iko wazi kabisa, anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28 au analipwa hela yake, na kama ni kupunguza watu mwajiri atoe taarifa mapema akae na wafanyakazi wajadiliane, sio supavaiza anakupigia simu usiku anakwambia kesho usije.

Kinachoniuma zaidi ni mchezo uliofuata. Ukienda ofisini bosi kasafiri, njoo Jumatatu. Jumatatu mhasibu hayupo. Wiki nyingine eti faili lako liko mezani linasubiri saini, kijana tulia mambo yako yanashughulikiwa, na unakaribishwa kiti unaongeleshwa vizuri kabisa, kumbe wenzako wanahesabu siku! Wanajua mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30, na madai mengine siku 60. Zikipita tu lugha inabadilika, nenda popote unapotaka.

Halafu kuna ile karatasi. Mzee mmoja tuliyekuwa naye lindoni aliwekewa mezani karatasi imeandikwa "nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai yoyote", pembeni bahasha yenye nusu mshahara, akaambiwa saini ndo uchukue. Shule zinafungua, kodi inadaiwa, angefanyaje? Stahiki zote zipi? Likizo ya siku 28 kwa mwaka hajaenda wala hajalipwa, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza (mwisho miaka 10) hakimo, cheti cha utumishi hata hakijatajwa.

Na masaa jamani. Unaingia saa 12 jioni unatoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, hizo ni saa 72 na mapumziko hakuna, nani atakushikia geti? Sheria imesema 45. Zile 27 zilizozidi ni ovataimu, kila saa mara moja na nusu, na hata ovataimu yenyewe haitakiwi kuzidi saa 50 kwa wiki nne, bado nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku. Mimi sijawahi kuiona kwenye salari slipu hata siku moja. Makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ndo hayakosei, asilimia 10 yako inakatwa kila mwezi, ukicheki michango unakuta kuna miezi haipo kabisa, yako haipo na ya mwajiri haipo. Huo ni wizi, sina neno lingine.

Walinzi mlioko kazini, kitabu cha OB (kile cha kuandikia matukio lindoni) kina muda wenu wa kuingia na kutoka pamoja na saini, pigeni picha kurasa zenu sasa hivi, ukishatolewa getini hukioni tena. Usiogope kwamba hukupewa mkataba wa maandishi, kesi ikifika CMA sheria inamtaka mwajiri ndo athibitishe masharti ya kazi yalikuwaje. Na ukisikia "njoo wiki ijayo" nenda CMA chukua fomu namba moja, jaza, mpelekee mwajiri nakala asaini kupokea, ipeleke CMA, hizo ahadi zake azilete mbele ya msuluhishi.

Ya kwangu nimeshaifungua. Ila kuna wenzangu siku 30 zimepita wakiwa bado wanaambiwa wasubiri, wanataka kuomba kuongezewa muda, na CMA inahitaji sababu ya msingi. Waliopita hapo naomba mje, kuzungushwa na mwajiri ilikubaliwa kama sababu? Mlipeleka ushahidi gani, meseji, rekodi za simu, au kitabu cha wageni cha pale ofisini?